Mayai ya Alama ya Buluu

Mama mdogo Wening hawezi kukaa. Akikaa, goti moja linacheza. Ukimshika goti hilo, la pili linaanza. Jina lake kwa Kijava ni maji yaliyotulia, yale unayoona mchanga chini yake, na bibi yangu husema hakuna kosa alilowahi kufanya kubwa kuliko kumpa binti huyu jina lile. Ninaishi nao wawili hapa mjini Yogyakarta, kisiwani Java, tangu nilipoanza sekondari. Ninayoyasimulia nimeyaona mwenyewe, isipokuwa ya ofisini, ambayo tulisimuliwa jioni ile ile.

Kazi yake ni uchumi, lakini si ule wa benki. Serikali ikigawa kitu kwa watu, iwe mbuzi, iwe karo, iwe chanjo, yeye ndiye anayekwenda baadaye kuuliza kama kimesaidia. Nilipokuwa mdogo nilidhani hiyo si kazi. Si unawauliza tu wenyewe? Kumbe watu watakwambia kimesaidia hata kama mbuzi alikufa wiki ya kwanza. Watasema kwa adabu tu, kwa kuwa umetoka mbali na jua ni kali. Kwa hiyo inabidi upime, ulinganishe, uhesabu, na bado usijiamini.

Yeye alizaliwa kwenye vilima vya chokaa vya kusini, ambako kiangazi maji hununuliwa kutoka kwenye lori. Alipokuwa darasa la nne, walikuja maofisa na matangi ya saruji ya kukingia maji ya mvua, kila nyumba tangi lake. Wakapiga picha, wakala, wakaondoka. Walisahau mifereji ya paa. Matangi yakabaki makavu mpaka bata wakahamia humo. Miaka mingi baadaye, akiwa chuoni, akaikuta ripoti ya mradi ule ikisema umefanikiwa kikamilifu.

"Matangi yalihesabiwa," alituambia siku moja huku akimenya vitunguu. "Maji hakuna aliyeyahesabu."

Nadhani goti lake lilianza kucheza siku aliyoisoma ripoti hiyo.

Mradi uliomvuruga mwaka huu ulikuwa wa mayai. Katika wilaya moja ya huko huko vilimani, kila mama mwenye mtoto mdogo alipewa mayai ya wiki nzima, yai moja la mtoto kwa kila siku, akiyachukua kwenye kituo cha kupimia watoto. Fedha hazikutosha vitongoji vyote, na hapo ndipo mama mdogo alipopata nafasi yake. Alivipanga vitongoji viwili viwili, jirani kwa jirani, ili viwe vinafanana: udongo mmoja, soko moja, hata mafua yao mamoja. Kisha kila jozi ikapigiwa kura mbele ya watu wote, vikaratasi ndani ya birika la chai. Kitongoji kimoja kikapata mayai, jirani yake akangoja. Na ili mayai yasiishie sokoni, kila moja lilipigwa muhuri mdogo wa wino wa buluu kwenye ganda.

Watoto wa pande zote mbili walipimwa mwanzoni, wakapimwa tena mwishoni. Wa upande wa mayai wakiwapita wenzao kwa kimo na uzito, basi mayai yamefanya kazi. Wasipowapita, hayakufanya. Aliponieleza mara ya kwanza nilijisikia kama mtu aliyeonyeshwa mlango katika ukuta anaoupita kila siku. Yaani unaweza kuiuliza dunia swali, na dunia ikajibu!

Ijumaa ile dunia ilikuwa imejibu, na jibu halikumpendeza. Kwenye kioo cha kompyuta yake kulikuwa na mistari miwili, mmoja wa watoto waliopewa mayai, mwingine wa wale waliongoja. Mistari ilikuwa imelala pamoja kama ndugu wawili kwenye mkeka mmoja. Hakuna tofauti.

Simu ikaita. Alikuwa Bwana Haryoko, mkuu wa ofisi ya mipango ya wilaya, mtu ambaye sauti yake hutoka nje ya simu hata usipoiweka sikioni, na ambaye, kama wengi, humwita mama mdogo Daktari kwa shahada yake.

"Daktari, hujambo? Nasikia hakuna kitu."

"Sijambo, Bwana Haryoko. Nasikia ni neno kubwa."

"Basi niambie kuna kitu."

Goti la mama mdogo likawa linacheza mpaka vikombe vikagongana.

"Mimi sina ugomvi na mayai," Bwana Haryoko alisema. "Lakini Jumatatu ninapanga bajeti. Ripoti yako ikisema hayasaidii, mayai mwisho wake mwezi huu, na fedha zinakwenda kujenga lango jipya la mji. Wewe mwenyewe ulisema tukubali takwimu, zitamu ama chungu."

"Nilisema."

"Basi Jumatatu."

Alipokata simu, mama mdogo akasimama, akafungua kabati la vyombo, akalifunga, akaenda uani, akarudi. Bibi alikuwa akichambua mchele kwenye ungo.

"Wening, kaa basi. Unanizungusha kichwa."

"Nimekaa, mama."

"Umekaa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Si wameshakupa jibu?"

"Jibu limekaa vibaya. Watoto waliopata mayai wamekua vizuri. Nilitegemea hivyo. Lakini hawa ambao hawakupata kitu wamekua vizuri vile vile, kuliko watoto wa huko wanavyokua miaka yote. Kwa nini?"

"Mungu kawakuza."

"Mungu alikuwepo na mwaka juzi, mama."

Bibi akapepeta mchele. Nami nikauliza kama labda walikula mayai ya kununua. Mama mdogo alitikisa kichwa. Swali lilikuwemo katika dodoso, alilitunga mwenyewe: wiki hii, nyumbani kwenu mmenunua au mmepika mayai mara ngapi? Wahoji wake waliliuliza nyumba kwa nyumba. Upande wa waliongoja, karibu wote walijibu hawakununua, hawakupika. Na watu wa kule hawadanganyi ovyo. Mtu akikudanganya atakwambia amepika, apate kuonekana anajiweza.

Jumamosi asubuhi alikuwa tayari amevaa kofia ya pikipiki kabla sijamaliza kunywa chai. "Unakuja au hutaki?" aliniuliza, na nilikuwa nimeshapanda.

Tulikwenda Watulor, kitongoji kilichokuwa upande wa kungoja. Jozi yake ni Kedungsari, ng'ambo tu ya shamba la mihogo. Jogoo wa huku akiwika, wa kule anamjibu. Tulipiga hodi kwa Mama Danis, mwanamke mwembamba mwenye kicheko kinene, ambaye mwanawe Danis alikuwa mmoja wa watoto waliopimwa. Danis mwenyewe alikuwa uani uchi, akimfukuza bata kwa ufagio.

"Karibu, Bi Wening. Umekuja kumpima tena? Mtakuja mpime mpaka mvi zake."

"Leo sipimi, Mama Danis. Nimekuja kuuliza yale yale."

"Uliza. Maswali hayajazi tumbo lakini hayalitoboi."

Tuliketi barazani, yaani mimi na Mama Danis tuliketi. Mama mdogo aliuliza akiwa anatembea kutoka nguzo hadi nguzo.

"Wiki hii mmenunua mayai?"

"Hatujanunua. Bei ya mayai unaijua?"

"Mmepika mayai?"

"Bi Wening, nitapika nisichonunua? Tumepika tempe yetu ya soya, tumepika majani ya mihogo. Mwandike hivyo hivyo, msitie chumvi."

"Na kuku wenu?"

"Yuko mmoja, na huyo ni mvivu kama baba yake Danis."

Ilikuwa sawasawa na dodoso lilivyosema. Mama mdogo akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Niliona amekata tamaa, maana alianza kuaga. Lakini Mama Danis akamshika mkono, akasema hakuna kuondoka bila kula, na kwamba mumewe anarudi sasa hivi. Alikuwa amevuka kwenda Kedungsari kwa siku ya mia ya marehemu Mzee Karto. Hapa kwetu mtu akifa tunamwombea siku ya tatu, ya saba, ya arubaini, ya mia, na kuendelea. Wanaume wa majirani wote huitwa, husoma dua, kisha kila mmoja hupewa boksi la chakula alibebe kwenda nalo nyumbani. Halifunguliwi kule. Chakula hicho sisi tunakiita baraka.

Baada ya alasiri kidogo Baba Danis akatokea kwenye njia ya mihogo, kofia nyeusi kichwani, boksi mikononi. Danis aliacha ufagio, akaacha na bata. Alikimbia akajipandisha kwenye mguu wa baba yake kama anapanda mnazi. Boksi likawekwa chini, likafunguliwa. Kulikuwa na wali, tambi, kipande cha tempe, pilipili, na katikati yai zima la kuchemshwa na viungo, kahawia, limemenywa tayari. Danis hakuangalia kingine. Alilichukua yai kwa mikono miwili.

Mama mdogo alisimama. Goti halikucheza. Sijawahi kumwona hivyo.

"Mama Danis," alisema polepole, "anakula nini?"

"Baraka."

"Hilo alilolishika."

"Si baraka hiyo, Bi Wening. Ya Mzee Karto."

"Nilikuuliza kama mmekula mayai."

"Uliniuliza kama nimepika," Mama Danis alisema, na sasa alianza kuwa na wasiwasi. "Nimepika wapi? Baraka mtu huipika kwake? Na wewe mwenyewe si mtu wa huku? Ungekuwa Mzungu ningekueleza."

Baba Danis akacheka. "Huyu mtoto hajui dua hata moja, lakini siku za wafu wa Kedungsari anazijua zote."

"Zinakuja mara nyingi?" mama mdogo aliuliza, ingawa jibu alilijua tangu utotoni.

"Wafu, wazaliwa, mimba za miezi saba, mavuno, mwezi wa Shaabani. Tena mwaka huu baraka zao zimenona. Zamani ilikuwa robo yai, unaitafuta kwa tochi. Sasa yai zima."

Mama mdogo hakusubiri kula. Alikata shamba la mihogo kwa mguu, viatu vyake vya mjini vikazama kwenye udongo mwekundu, na mimi nyuma yake. Jikoni kwa marehemu Mzee Karto wanawake walikuwa wakiosha masufuria. Aliyekuwa akiwaamrisha alikuwa Bi Ngatmi, mjane wa marehemu, mwenye sauti kali. Na karibu na mlango, yakiwa yamefagiliwa kuwa kilima kidogo, yalikuwepo maganda ya mayai. Kila vipande vichache, kimoja kilikuwa na alama ya buluu.

Wanawake walimtazama yeye, wakayatazama maganda.

"Daktari," mmoja alisema, "usituripoti. Hatukuuza hata moja."

"Najua hamkuuza."

"Mimi nilichangia ya wiki nzima," mama mmoja kijana akakiri, mtoto mgongoni. "Kufiwa amefiwa Bi Ngatmi, nije mikono mitupu? Nikifiwa mimi?"

"Na ya kwangu yasiyokuja hapa," mwingine akasema, "yanapita uani. Mtoto wa dada yangu ameolewa Watulor, akija na mwanawe namwona anameza mate. Nimwambie subiri kura?"

Wakacheka, na kicheko kikalegeza kidogo. Bi Ngatmi ndiye hakucheka. Alikuwa akimwangalia mama mdogo kwa jicho la mtu anayemkumbuka mgeni.

"Lakini na wewe umekula," alisema. "Arubaini ya mume wangu ulikuwepo, ulikuja na wale vijana wako wa kuuliza. Nilikufungia boksi kwa mkono wangu. Ulisema yai limekolea."

Mama mdogo akakaa. Alikaa kwenye kigoda jikoni, katikati ya masufuria, akajifunika uso, na mwanzoni nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyetafuta miwani nyumba nzima akiwa ameivaa.

Njiani kurudi tulifika kwenye lami. Kisha akapunguza mwendo na kupaza sauti juu ya upepo.

"Niliwapanga jirani kwa jirani ili wafanane. Unaona nilivyofanya? Nilichagua watu wanaokula pamoja, nikawaambia hawa wapate na hawa wasipate, halafu nikashangaa hawakunitii."

Jumapili kutwa alikuwa mbele ya kompyuta. Alizitenga zile jozi chache ambazo kati ya vitongoji vyake kuna korongo na hakuna daraja, kwa hiyo hawaalikani kwa urahisi. Akachora upya. Nilikuwa nyuma ya kiti chake picha ilipotokea. Mistari ilikuwa imeachana, wa mayai juu, wa kungoja chini, na kati yao pameachama kama mdomo.

"Si umepata!" nilisema.

"Nimepata ninachokitaka. Hilo ndilo linanitia hofu."

"Lakini ni kweli. Maganda tumeyaona."

"Maganda yananionyesha mayai yalivuka. Hayanionyeshi yalimkuza nani." Alizungusha kiti. "Babu yako alikuwa anapenda mapigano ya jogoo, unajua? Alikuwepo jirani yake mmoja, kila mara aliweka dau jogoo wa pili akishaanguka. Akawa anashinda siku zote. Jozi hizi ni chache, na nimezichagua baada ya kuona aliyeanguka. Labda korongo nayo ina mambo yake. Labda kule ng'ambo hakuna kisima."

"Sasa ukisema hujui, mayai si yatakatwa?"

"Huenda."

"Na ukisema ndiyo?"

"Yataendelea. Na huenda nikawa nimesema kweli." Goti lilikuwa limerudi, kali kuliko mwanzo. "Na huenda nikawa nimepiga picha ya tangi."

Bibi alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Alikiweka kando ya kompyuta. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema. "Wewe umeinama, umekiona, sasa unaogopa kwa kuwa umekitaka. Kunywa chai."

Alikunywa akiwa amesimama.

Haya ya Jumatatu alitusimulia mwenyewe tukimenya karanga. Bwana Haryoko alikuwa amemwekea chai yenye sukari nyingi na karatasi ya bajeti yenye pengo moja.

"Daktari, naomba neno moja tu. Ndiyo au hapana."

"Sijui."

"Hilo si kati ya niliyoomba."

Akamweleza yote: jozi za majirani, swali la kupika, Danis na yai lake, maganda ya alama ya buluu, arubaini ya Mzee Karto. Akamwonyesha na ile mistari iliyoachana, akamwambia hapo hapo kwa nini asiiamini sana. Bwana Haryoko alisikiliza huku uso wake ukigeuka mwekundu kidogo kidogo.

"Kwa hiyo tumelipa mwaka mzima, tukanunua sijui."

"Mmenunua kosa langu. Kosa nitaliandika ukurasa wa kwanza, kwa jina langu. Lakini neno hapana siwezi kuliandika, kwa sababu si takwimu zilizosema hapana. Ni mimi niliyeuliza vibaya."

Bwana Haryoko, mama mdogo anasema, alilivuta lile dodoso kutoka kwenye rundo, akalifungua kwenye swali lenyewe, akalisoma kwa sauti. Akalisoma tena.

"Hili lilipita kwangu," alisema. "Nililisoma, nikatia saini. Na wahoji wako wote ni watoto wa huku?"

"Wote."

"Na jana mke wangu kapokea baraka mbili. Nimekula mayai mawili. Ungeniuliza leo kama nyumbani kwangu tumepika mayai, ningekwambia hapana, na ningekuapia." Akaliweka chini. "Angekuwepo mgeni hata mmoja kwenye kazi hii, angeuliza lile boksi ni la nini. Sisi sote tulikuwa tunatafuna."

Uamuzi ulikuja vipande viwili, cha kwanza cha Bwana Haryoko. Lango la mji lingengoja msimu mmoja, na mayai yangeendelea, idadi ile ile, fedha zile zile. Lakini kura irudiwe upya, na mama mdogo asimame mbele ya wakuu wa vitongoji wote aeleze kwa mdomo wake alikosea wapi. Kipande cha pili kilitoka kwenye taasisi anayofanyia kazi mama mdogo. Kulikuwa na kazi kubwa ya mkoa mzima aliyokuwa akiitarajia, na wiki ile ile akapewa mwenzake. Alitutajia hilo kama mtu anayetaja mvua, kisha akaenda kupanga upya kabati ambalo alilipanga jana yake.

Siku ya kura nilikuwepo. Mara hii hawakupangwa jirani kwa jirani. Mama mdogo aliwauliza wakuu wa vitongoji jambo moja: mkifiwa, mnamwita nani? Ukumbi ukawaka. Kitongoji fulani kilisema hakiwaiti wale wa juu tangu ugomvi wa mpira. Wa juu wakasema wao ndio hawaendi, kwa kuwa tambi za chini hazina chumvi. Iliwachukua mpaka adhuhuri, lakini ubaoni yakatokea makundi ya watu wanaoalikana, na kila kundi likawa kitu kimoja: wapate wote au wangoje wote. Watulor na Kedungsari wakawa kundi moja.

Birika likaletwa. Mtoto mmoja wa mkuu wa kijiji akawa anachomoa vikaratasi. Cha Watulor na Kedungsari kilipofunguliwa, kilikuwa cheupe, hakina alama. Wangoje.

Danis alikuwa kwenye paja la mama yake, anacheza na kifungo. Bi Ngatmi ndiye aliyesimama.

"Kwa hiyo sisi tulioalikana ndio tunanyimwa."

"Hamnyimwi, Bi Ngatmi," mama mdogo alisema. "Ni kura. Fedha ni za nusu tu. Mkingoja msimu mmoja, nikapata jibu, sitawaomba tena watu wa wilaya. Nitawadai mayai, kwa ajili ya wote."

"Na ukipata sijui nyingine?"

"Nitakuja kuwaambia."

"Kura haina macho, mwanangu, hatuilaumu." Bi Ngatmi akajifunga kanga yake vizuri. "Lakini wewe unayo. Angalia basi."

Mama mdogo aliangalia. Aliwaangalia mmoja mmoja, na alipofika kwa Danis macho yake yalikaa hapo muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Birika lilikuwa bado hapo, na angeweza kusema kura irudiwe, vikaratasi havikukorogwa vizuri. Nilimwona akilitazama birika. Kisha akaandika kundi lile ubaoni, upande wa kungoja, kwa herufi kubwa za kusomeka mpaka nyuma.

Wiki chache baadaye alikuja kijana wa Kedungsari mjini kuuza mihogo, akatuletea boksi. Mjukuu wa Bi Ngatmi amezaliwa, alisema, na mwenyewe kasema Daktari asikose. Bibi yangu alilifungua mezani. Wali, tambi, pilipili, majani ya mihogo. Pale katikati ambapo huwa pana yai palikuwa na kipande cha tempe, kimekatwa duara kwa uangalifu na kupikwa kwa viungo vile vile, kikawa kahawia.

"Kaa ule, Wening," bibi alisema.

"Nakaa, mama."

Akaichukua ile tempe, akaila yote, akitembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Kisha akanawa mikono, akafungua kompyuta.